Malaika Alirudi Mara ya Pili



Wapendwa wasikilizaji, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, katika sura ya 19, chatusimulia jinsi nabii Eliya alivyomwacha mtumishi wake Beersheba, akaingia jangwani peke yake. Huko, chini ya mti, mtu huyu aliyesimama imara mbele ya wafalme alimwomba Mungu amwondolee uhai. Basi, hata mwenye imani kubwa aweza kulemewa akiwa hana mtu kando yake.

Twayakumbuka hayo kwa ajili ya ndugu zetu wanaoishi peke yao. Kafyu ilianza nchini Kenya tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nayo makanisa yalikuwa yamekwisha kufungwa. Siku hiyo hiyo huko Roma, Baba Mtakatifu Fransisko alisali mbele ya uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha. Ulimwengu mzima uliiona picha ile. Lakini ni nani aliyemwona mjane nyuma ya mlango wake, au kijana katika chumba chake cha kupanga?

Mwezi wa Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zilizuiwa, na mama kijijini akawangoja watoto wasioweza kuja. Mwezi wa Julai makanisa yalifunguliwa tena, kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja. Waliopita umri wa miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Masharti hayo yaliwekwa ili kulinda uhai, nasi hatuyalaumu. Hata hivyo, dawa ina uchungu wake, na uchungu huo haukugawanywa sawasawa.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenye watoto alichoshwa na kelele. Aliye peke yake alichoshwa na kimya. Alipika chai ya kikombe kimoja. Hakushikwa mkono na mtu kwa miezi mingi. Redio ilisema naye, wala haikumsikia. Tena aliona haya kuutaja upweke wake, maana wengine walikuwa wakizika wapenzi wao, na wengine wakipoteza kazi. Huzuni isiyosemwa hujenga makao moyoni.

Kafyu iliondolewa kwa tangazo tarehe 20 Oktoba 2021. Upweke, wapendwa, hauondolewi kwa tangazo. Wako waliozoea kufunga mlango jua linapotua, na hata leo wanaufunga. Wako waliokuwa wakiimba kwaya, nao kila wakialikwa husema, "Jumapili ijayo." Tusiharakishe kusema kwamba imani yao imepoa. Huenda bado wako chini ya mti wa Eliya.

Tumtazame basi malaika wa Bwana. Hakumkemea nabii, wala hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale. Kisha akarudi mara ya pili. Hapo ndipo penye fundisho. Ziara ya kwanza yaweza kuwa ya adabu tu; ya pili ndiyo inayomwambia mtu kwamba hakusahauliwa. Ni baada ya hiyo ya pili Eliya alipopata nguvu za kutembea siku arobaini hadi Horebu.

Kwa hiyo, wiki hii kila jumuiya ndogo iwataje kwa majina wote wanaoishi peke yao katika mtaa wake, wazee kwa vijana. Waende wawili, wachukue unga au matunda kidogo, waketi, wasikilize zaidi ya kusema. Na kabla ya kuaga, waitaje siku watakayorudi, nao wairudie siku hiyo. Katekista awajulishe mapadre wagonjwa wanaotamani Komunyo. Anayesema amechoka kuishi asikaripiwe. Tukae naye, tumsindikize hospitalini, wala usiku huo asiachwe peke yake.

Nanyi mnaotusikiliza mkiwa peke yenu, si aibu kumwambia jirani, "Njoo." Eliya naye alisema uchungu wake wote, na Mungu hakumkasirikia.

Bwana, uliyeona tangu mwanzo kwamba si vema mtu awe peke yake, tutume kwenye milango iliyofungwa, na utupe moyo wa kurudi. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.