Mitala, Jinsia Moja na Mwaka 2005



Nimeombwa nizungumzie ndoa za mitala na ndoa za jinsia moja kwa pamoja. Nilisita kidogo, maana hapa Kampala moja huzungumzwa kwa kelele na nyingine kwa kunong'ona. Lakini nikakumbuka kwamba zote mbili zilikutana katika mwaka mmoja, 2005.

Machi mwaka huo Waislamu waliandamana hapa mjini kuupinga Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia wa 2003. Muswada haukuipiga marufuku mitala. Uliiwekea masharti, mojawapo likiwa ridhaa ya mke aliyepo. Ukakwama. Kabla mwaka haujaisha Bunge likarekebisha Katiba, likaongeza ibara ya 31(2a): ndoa kati ya watu wa jinsia moja ni marufuku. Tayari kifungu cha 145 cha Sheria ya Adhabu, tulichorithi kwa Waingereza, kilikuwa na kifungo cha maisha. Kwa hiyo ndoa iliyojaa majumbani mwetu haikuguswa, na ile ambayo hakuna sheria yetu iliyowahi kuiruhusu ikapigwa kufuli la pili.

Kufuli la namna hii si geni kwetu. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo huko Kenya, Jaji Mkuu Hamilton alisema ndoa ya kimila haistahili kuitwa ndoa, kwa kuwa ina mahari na inaruhusu wake wengi. Mwanamke aliyeolewa kimila akaweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, kwani mbele ya mahakama hakuwa mke wa mtu. Huyo ni bibi yangu na bibi yako. Hapa Uganda ilibidi tungoje hadi 1973 ndipo sheria ya usajili wa ndoa za kimila iseme waziwazi kwamba ndoa hizo zaweza kuwa za mitala.

Sasa niwapeleke Mombasa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu huko ilisikiliza mgogoro wa mirathi ya bibi mmoja Mnandi. Hakuwa na mtoto, akamwoa mwanamke mdogo kwake kwa mila ya Kinandi, ili watoto wa huyo wawe wa nyumba yake. Alipofariki, ndugu wakadai mali. Jaji Ojwang akaitambua mila, na yule aliyeolewa pamoja na watoto wake wakahesabiwa warithi. Katiba mpya ya Kenya, inayotaja ndoa ya watu wa jinsia tofauti, ilikuwa imeshaanza kutumika. Wakurya wa Tarime nao wana nyumba ntobhu, ya namna hiyohiyo.

Msinielewe vibaya. Hizi ni ndoa za uzao na ardhi, si za mapenzi, na wanaotetea mashoga hawawezi kuzibeba kama ushahidi wao. Lakini na anayesema Mwafrika hajapata kuona mwanamke akimtolea mwanamke mwenzake mahari, aende Tarime akaulize. Na swali la kisheria limebaki: bibi kama yule Mnandi angeishi hapa kwetu Uganda, tuseme Kapchorwa, ibara yetu ya 31(2a) ingemwona vipi?

Sheria yetu ya kupinga ushoga ya 2014 Mahakama ya Katiba iliifuta kwa sababu Bunge halikutimiza akidi. Ile ya Mei 2023, yenye hata adhabu ya kifo, ilibaki kwa sehemu kubwa baada ya hukumu ya Aprili 3, 2024. Kilichoondolewa ni pamoja na wajibu wa kumripoti jirani. Anayefunga ndoa ya jinsia moja anaweza kufungwa miaka 10. Aliyefunga ndoa kanisani kisha akaoa wa pili anaweza kufungwa miaka 5, lakini niambieni ni nani hapa amewahi kumwona akipandishwa kizimbani. Nimemwona akiwa mgeni rasmi.

Wakenya nao wasitucheke: mwaka 2014 wabunge wanaume waliiondoa ridhaa ya mke wa kwanza kwenye muswada wa ndoa, na wabunge wanawake wakatoka ukumbini.

Kazi yenu, ndugu wasaidizi wa sheria, iko msibani. Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022 yanampa mjane asilimia 20 ya mali ya marehemu asiyeacha wosia, na wajane wa mitala hugawana fungu hilo. Kwa hiyo mjane akija, msianze na cheti cha kifo. Mwulizeni ndoa ilifungwa wapi, kwa utaratibu gani, na kama mume alikuwa ameshapita kanisani na mwingine. Nimewaona wanawake waliofanyiwa kwanjula, utambulisho wa kimila, mbele ya ukoo mzima, wakakaa na mume miaka 20, kisha cheti cha kanisa cha mke mwingine kikatolewa mkobani. Watoto wao walipata fungu. Wao wenyewe waliandikwa kwenye jalada kama mama wa watoto.