Huyu Ni Daktari Kweli? Hakikisha Kabla ya Kulipa

(Muziki wa kufungulia, sekunde kumi, kisha unashuka)

Leo hatuzungumzi juu ya ugonjwa. Tunazungumza juu ya mtu anayekutibu.

Tuseme mgongo umekusumbua kwa miezi. Kituo cha afya cha kambini kimekupa dawa, lakini maumivu hayajaisha. Unangoja karatasi ya rufaa, ile tunayoiita transferi, na siku zinapita. Kisha jamaa yako wa Kigali anapiga simu: “Njoo huku Kimihurura. Kuna munganga bingwa wa mifupa. Hataki makaratasi mengi.” Unakopa kwa majirani, unapanda basi alfajiri.

Unafika. Kimihurura ni mtaa wa ofisi kubwa na nyumba nzuri. Unaingia getini, unakaribishwa kwenye sofa, unaona cheti ndani ya fremu ukutani. Mtu aliyevaa koti jeupe anakugusa mgongo, anasema unahitaji sindano sita, na nusu ya pesa uitume sasa hivi kwa MoMo.

Ndugu yangu, hapo ndipo usimame kidogo. Koti jeupe linauzwa dukani. Cheti kinaweza kuchapishwa kwa kompyuta. Hata mtaa mzuri haumfanyi mtu kuwa daktari.

Kinachomtambulisha daktari ni rejista. Hapa Rwanda, daktari haruhusiwi kutibu mpaka asajiliwe na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kwa herufi RMDC, na awe na leseni ambayo muda wake haujaisha. Baraza hilo lina tovuti yake, rmdc.rw. Kama una simu yenye intaneti, au mtoto wako anayo, fanya hivi.

Kwanza, uliza majina yake yote mawili na namba yake ya usajili. Usione haya. Unaweza kusema kwa heshima: “Daktari, naomba jina lako kamili na namba yako ya baraza, niandike kwenye daftari langu.” Daktari wa kweli hakasiriki kwa swali hilo. Anayekufokea au kukuharakisha, muogope.

Pili, tafuta jina hilo kwenye orodha ya baraza. Jaribu kuanza na jina la kwanza, kisha la ukoo, kwa sababu majina yetu huandikwa kwa namna nyingi.

Tatu, angalia kama leseni bado inafanya kazi, na fani yake ni ipi. Daktari wa kawaida ni daktari halali, lakini si bingwa wa mifupa. Akijiita bingwa, ubingwa huo nao uwe umeandikwa.

Usipoliona jina, usikimbilie kumwita mtu tapeli. Huenda ni muuguzi au mkunga, nao wana baraza lao. Wafamasia wana lao, na wataalamu wengine kama wa maabara wana lao. Muulize yuko chini ya baraza gani. Lakini mpaka upate jibu, usilipe na usikubali sindano.

Huna intaneti? Nenda na jina hilo kwa muuguzi wa kituo cha afya, au kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako kambini. Mwombe akusaidie kutafuta au kupigia baraza simu. Ni bora kupoteza siku moja kuliko kupoteza mguu.

Mambo haya yametokea kwa majirani zetu. Mwaka 2015, huko Githurai, Nairobi, mwanamume mmoja alikuwa na kliniki na akijitangaza kuwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Wanawake waliingia na kumwamini. Kashfa ilipolipuka, bodi ya madaktari ya Kenya ilisema hakuwa amesajiliwa. Mwaka 2018 akakutwa tena na kliniki nyingine, mtaa wa Kayole. Kibao kilibadilika, mtu ni yule yule. Aliyesoma kibao asingejua. Aliyetafuta jina kwenye rejista angejua.

Kuna jambo jingine, nalo linatugusa sisi wenyewe. Kati yetu wamo watu waliokuwa madaktari kweli huko Bukavu, Uvira au Bujumbura. Elimu yao si uongo, na tunawaheshimu. Lakini kutibu hapa kunahitaji wasajiliwe na baraza la hapa. Jirani kama huyo anaweza kukushauri uwahi kituo cha afya. Asikuchome sindano wala kukupasua ndani ya nyumba. Likitokea baya, hakuna faili, na wewe na yeye mtaumia.

Kumbuka pia, rejista inakuambia kwamba mtu amesoma na ameruhusiwa. Haikuambii kwamba atakuponya. Ukiwa na shaka juu ya matibabu, omba kuonwa na daktari mwingine. Usiache dawa ulizopewa kwa sababu ya wasiwasi tu. Na ikiwa ni dharura, damu inatoka, mama ana uchungu, mtoto ana degedege, usipoteze muda kwenye simu ukitafuta jina. Kimbia kituo cha afya. Huko hakuna anayekutaka utume pesa kwa namba yake binafsi.

Leo jioni, waambie walio nyumbani mambo matatu: jina, namba, rejista. Mwambie hasa yule anayejiandaa kwenda Kigali kesho na pesa ya kukopa mfukoni.

Mimi naishia hapa. Mungu awape wagonjwa wetu nafuu. Kwaheri mpaka kipindi kijacho.

(Muziki wa kufungia)