Nani Asome Mitetemo ya Ardhi Yetu?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa sayansi na watumishi wa serikali)



Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na majumba na shule zikabomoka. Hayo mnayafahamu. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba vituo vya Mbarara, Uganda, na Kilima Mbogo, Kenya, vimekuwamo katika mtandao wa dunia nzima wa kupimia matetemeko, na kumbukumbu za mtandao huo huwekwa wazi kwa yeyote, bila malipo. Kumbukumbu za ardhi yetu zipo, basi. Ni nani azisomaye?

Ziko programu za kompyuta ambazo huuzwa zikiwa zimefungwa kama sanduku: tarakimu huingia upande huu, jibu hutoka upande ule, wala mnunuzi haruhusiwi kuuliza lililotendeka ndani. Programu huria sivyo zilivyo. ObsPy, iliyoanzia chuo kikuu kimoja mjini Munich, Ujerumani, na kutangazwa kwa wanasayansi mwaka 2010, haiuzwi. Maandishi yake yote yako hadharani, na anayeona kosa hulisahihisha kwa faida ya wote.

Na kazi yenyewe si ya uganga. Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili yapitayo ndani ya ardhi, la kwanza likienda mbio kuliko la pili. Kadiri chanzo kilivyo mbali, ndivyo pengo la kufika kwao linavyopanuka. Kwa tetemeko la karibu, kila sekunde ya pengo ni kama kilometa nane. Sekunde 15 ni kilometa 120 hivi. Mwanafunzi achukue bikari, achore duara kuzunguka kituo. Maduara mawili hukatana mahali pawili. La tatu ndilo likatalo shauri. (Wanaodai kwamba elimu hii ni ya wenye shahada peke yao, nadhani hawajajaribu.)

Hakuna programu itakayotuambia tetemeko lijalo litafika lini. Lakini anayepima miaka mingi hujua ardhi inapochezacheza, na mhandisi wa wilaya anayejenga upya shule anahitaji kuambiwa hivyo kabla ya kumwaga msingi, tena na mtu anayeweza kueleza jibu lake lilivyopatikana.

Huria, hata hivyo, si kazi ya bure. Panatakiwa kompyuta, umeme, intaneti, na mtumishi ambaye hatahamishiwa idara nyingine mara tu anapohitimu mafunzo. Fedha ambayo ingelipia leseni ya sanduku lililofungwa ingetosha kuanza kumsomesha huyo.