HOFU YA GHAFLA: HOTUBA KWA WANACHAMA

Ndugu Wafanya Kazi wa Meru na Embu,

Leo hatukuja kusema juu ya mishahara. Twataka kusema juu ya ugonjwa ambao wengi wanao lakini hawautaji, yaani wasiwasi mwingi, na ile hofu inayomshika mtu kwa ghafla hata akadhani anakufa.

Mwenzetu mmoja, dereva wa kupeleka miraa Nairobi kutoka Maua, alishikwa usiku njiani. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi. Alisimamisha gari akangojea kifo. Baada ya nusu saa hali ile ilikwisha, akaendelea na safari. Miezi mingi hakumwambia mtu. Aliogopa wenzake wasije wakasema amerogwa, na tajiri asije akasema ana wazimu akampa mwingine gari.

Basi ndugu, kwanza tujue kwamba hofu hiyo si uchawi, si wazimu, wala si uoga. Mwili umeumbwa kujitayarisha kwa hatari. Moyo na pumzi huenda mbio ili mtu apate nguvu za kupigana au kukimbia. Pengine mwili hujitayarisha hivyo na hatari haipo. Mara nyingi hofu hufika upeo wake kwa dakika 10 hivi, kisha hupungua. Hofu yenyewe haiui.

Pili, sababu ni nyingi: madeni, karo, msiba, kuogopa kufukuzwa kazi. Sisi twayajua hayo. Uingereza ilipokataza miraa mwaka 2014, na soko la Somalia lilipofungwa tangu Machi 2020 hata Julai 2022, wachumaji na wafungaji wengi hawakupata usingizi. Tena miraa yenyewe, na muguka wa Embu, huharakisha moyo na kufukuza usingizi. Mwenye wasiwasi akitafuna ili akeshe kazini, huenda anazidisha ugonjwa wake. Hatusemi hivi kwa kulichukia zao linalotulisha, bali kwa sababu ni kweli.

Tatu, mwenzako akishikwa, usimcheke wala usiite watu wamzunguke. Mketishe, ukae naye. Avute pumzi polepole mkihesabu mpaka 4, aitoe mkihesabu mpaka 6. Mwambie kwamba itapita.

Nne, wakati wa kwenda kwa daktari. Anayeshikwa mara ya kwanza na apimwe, maana ugonjwa wa moyo au upungufu wa damu huweza kufanana na hofu hii. Maumivu ya kifua yasipokwisha, au yakienea mkononi au tayani, au mtu akizimia, apelekwe hospitali saa ile ile. Vile vile mtu anayefikiri kujiua asiachwe peke yake, apelekwe mara moja. Na kama hofu hurudi mara kwa mara, au wasiwasi umeondoa usingizi kwa majuma mawili na zaidi, au mtu ameanza kuogopa kwenda kazini, asingoje. Aanze zahanati ya karibu, nao watampeleka hospitali kubwa ya Meru au ya Embu ikiwa lazima. Dawa zipo, na mazungumzo na mtu aliyefundishwa kazi hiyo huponya wengi.

Tano, haki yako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo si chini ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mwarifu mwajiri mapema, na ulete cheti cha daktari. Ukikataliwa, njoo kwa mwakilishi wako wa chama.

Yule dereva alipotueleza, tulimsindikiza hospitali. Moyo wake ulipimwa ukaonekana mzima. Alitibiwa, akaacha kutafuna usiku, na leo yuko kazini. Miezi ile aliyonyamaza aliteseka bure. Ndugu, tusinyamaze.

Umoja ni nguvu.