Saini Iliyo Chini ya Ukurasa

Mazungumzo na wazazi na vijana wa jumuiya yetu, Guangzhou, kuelekea sherehe za Uhuru. Yamechapwa kwa ombi la wazazi waliokuwepo na la waliokosa.

Vijana mliosimama kule nyuma karibu na sufuria za pilau, nawaona. Sogeeni mbele, maana maneno haya ni yenu kuliko ya baba zenu.

Mwenyekiti ameniomba nieleze kazi yangu. Mimi ni mhandisi wa matengenezo ya ndege. Mtaani kwetu Temeke wananiita fundi ndege, na sikatai. Hapa Guangzhou huja mara mbili tatu kwa mwaka, ndege inapoletwa karakana kwa ukaguzi mkubwa, kwa sababu mwenye ndege hutaka mtu wake awepo kuangalia kinachofunguliwa na kinachorudishwa. Ndiyo maana mnaniona Xiaobei nikila ugali kwa wiki sita, halafu napotea.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine kabisa, ya kuwasifia vijana wasome sayansi. Nimeyaacha hotelini. Wiki hii wazazi watatu wamenitafuta, mmoja mama mwenye duka la nguo, wawili wasafirisha mizigo, na wote wana barua ya chuo cha hapa China inayosema uhandisi wa ndege, shahada, miaka minne. Ada ya mwaka wa kwanza inasubiriwa. Swali lao ni moja: mwanangu akimaliza, atakuwa injinia wa ndege kama wewe?

Jibu langu ni hapana. Kwa barua hiyo peke yake, hapana. Naomba mnivumilie nieleze, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kushika barua kama hiyo.

Mnapopanda ndege pale Baiyun kurudi nyumbani, kabla mlango haujafungwa kuna mtu mmoja ambaye hamumuoni. Amevaa kizibao cha kung'aa, ana tochi, mikono yake inanuka mafuta. Ameizunguka ndege, ametazama matairi, injini, mabawa, amesoma yale ambayo marubani walioileta wameandika kuwa hayafanyi kazi sawasawa. Yaliyotengenezwa ameyaandika, na chini ya ukurasa ametia saini na namba ya leseni yake. Kifaa kikitengenezwa, ndege hairuki mpaka mwenye haki ya kutia saini hiyo ameitia. Rubani hawezi kumtilia, mkurugenzi wa kampuni hawezi, wala profesa aliyemfundisha hawezi. Haki ya kuiachia ndege inatoka kwenye leseni, pamoja na idhini ya karakana anayofanyia kazi. Shahada ya chuo kikuu, hata iwe ya daraja la kwanza, haimpi mtu haki hiyo.

Vijana wataniuliza, ukali wote huu wa nini? Nitawapa kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi wa kazi yetu husimuliwa. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika futi 17,300 hivi, kioo cha mbele upande wa rubani kikang'oka. Upepo ukamvuta rubani nje, kiwiliwili kikawa juu ya ndege na miguu ndani. Wahudumu wakamshikilia miguu, zaidi ya dakika ishirini, huku rubani msaidizi akiishusha ndege Southampton. Rubani yule alipona, na abiria wote walishuka salama.

Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari ile. Bolti zilizokishikilia zilikuwa 90, na 84 kati yake zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa tofauti isiyofika hata milimita moja. Aliyezifunga alikuwa mkuu wa zamu, mwenye leseni na uzoefu wa miaka mingi. Ilikuwa usiku, watu walikuwa wachache, akaamua kuifanya kazi mwenyewe. Alichukua bolti ya zamani, akailinganisha na mpya kwa macho, akaridhika. Kitabu cha vipuri kilichotaja namba sahihi kilikuwepo. Hakukifungua.

Kisa hiki nimekipenda tangu nikiwa mwanagenzi kwa sababu hakina mtu mbaya. Hakuna mlevi, hakuna aliyehongwa. Yupo fundi mzuri aliyeyaamini macho yake. Leseni haimfanyi mtu asikosee. Inamfanya awe wa kuulizwa. Ndiyo maana siku hizi, pamoja na fizikia na umeme, tunatahiniwa pia juu ya uchovu, haraka, giza na kiburi cha kusema hii kazi naijua.

Sasa sheria. Nchi zote zilizo katika Mkataba wa Chicago, uliosainiwa tarehe 7 Disemba 1944, zina msingi mmoja wa leseni hizi. (Tarehe 7 Disemba dunia huadhimisha siku ya usafiri wa anga, siku mbili tu kabla ya Uhuru wetu. Mimi nyumbani kwangu naunganisha sherehe mbili kwa kuku mmoja.) Msingi huo unasema mwombaji awe ametimiza miaka 18, afaulu mitihani ya sheria za anga, ya sayansi na ya ndege yenyewe, na awe amefanya kazi ya kukagua na kutengeneza ndege kwa miaka minne. Akiwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa na mamlaka ya anga, miaka hiyo hupungua kuwa miwili.

Wazazi, hapo ndipo fedha zinapopotelea. Kozi iliyoidhinishwa. Na nani? Na mamlaka ya anga ya nchi inayotoa leseni. Wizara ya elimu kukitambua chuo ni jambo jingine kabisa. Chuo kinaweza kuwa na jina kubwa, na programu yake ya uhandisi wa ndege ikafundisha hesabu za mtiririko wa hewa na nguvu za bawa, akatoka mbunifu mzuri wa ndege ambaye hajawahi kufungua tairi. Si kosa la chuo. Ni elimu nyingine. Dunia inahitaji wabunifu pia, na kama mtoto ndicho anachotaka, mlipieni kwa moyo mweupe. Ila msimlipie hiyo mkidhani mnalipia ile.

Mimi nilidhani. Wakala aliyenitafutia nafasi alimwambia marehemu baba, Mungu amrehemu, kwamba leseni inakuja na shahada, kama siagi na mkate. Nilisoma miaka minne hapa China, mwaka mmoja wa lugha juu yake. Mafunzo kwa vitendo yalikuwa wiki chache kwenye injini iliyokatwa katikati ili tuione ndani. Karakana yenye ndege hai sikuingia, na nisingeweza kuingia kufanya kazi hata kama ningetaka, kwa sababu kibali cha ukaazi cha mwanafunzi si kibali cha kazi. Nikarudi nyumbani na cheti chenye mhuri mwekundu mkubwa. Afisa wa leseni, mzee mmoja mpole, alikisoma mbele na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Mwanangu, logibuku iko wapi?"

Sikuwa nayo. Sikujua hata ni kitu gani.

Nilianza upya nikiwa na miaka ishirini na sita, mwanagenzi katika karakana ya ndege ndogo za pangaboi. Wenzangu walikuwa na miaka kumi na tisa. Miezi ya kwanza nilifagia, nilifuta mafuta, nilishika tochi mwenzangu akikaza. Fundi mkuu alikuwa mzee aliyejifunzia kazi Embakasi, kwenye karakana za East African Airways, kabla shirika lile halijafa mwaka 1977 na kila nchi kubaki na la kwake. Kila jioni alitaka nimuoneshe nilichoandika: tarehe, namba ya ndege, kazi iliyofanyika, ukurasa wa kitabu cha matengenezo. Akiridhika anatia saini, asiporidhika anafuta. Alifuta sana. Logibuku ile ninayo mpaka leo, imeliwa na mafuta pembeni, na ndiyo iliyonipa leseni. Mhuri mwekundu uko ukutani kwa mama.

Kwa hiyo kijana anayeitaka kazi hii aanze kuulizia pale penye uhaba, na uhaba uko kwenye karakana. Madarasa yapo mengi. Ugumu ni kupata mahali watakapomwachia aguse ndege miaka miwili au minne, mwenye leseni akimtilia saini kila kazi. Nyumbani kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, kinachofundisha matengenezo ya ndege, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Nairobi kuna East African School of Aviation. Addis Ababa, Waethiopia wana chuo chao kilichofungamana na shirika lao la ndege, na hapo faida ni kwamba karakana iko jirani na darasa. Mzazi asione haya kumrudisha mtoto Afrika kusoma. Najua majirani watasema biashara imeyumba. Waacheni.

Nikishataja Nairobi, kuna mtego mmoja wa herufi. Kifupi cha chuo kile ni EASA. Na mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya nayo ni EASA. Nimeona matangazo yanayochezea kufanana huko, au yanayosema "mtaala wa EASA" bila kusema idhini ni ya nani. Mfumo wa Ulaya una sifa kubwa: kozi ya msingi ya leseni ya B1, yaani mwili wa ndege na injini zake, huchukua saa 2,400, na kila mtihani alama ya kufaulu ni 75 kwa 100. Kusoma kwa mtaala huo ni jambo jema. Lakini chuo kisichokuwa na idhini ya mamlaka ile hakiwezi kukupa cheti kinachotambulika kwake, hata kikitumia vitabu vilevile.

Na wale wanaotaka kubaki China? Mamlaka ya hapa, CAAC, ina leseni yake. Mtihani wake huandikwa Kichina, na kuna kipimo cha Kiingereza cha matengenezo juu yake. Kwa mtu kama mimi, niliyejifunza Kichina ukubwani, huo ni mlima. Ila nawaangalia watoto waliozaliwa hapa, wanaogombana na wauza mboga kwa Kikantoni na kuja nyumbani kuomba maji kwa Kiswahili, na naona kitu ambacho kizazi chetu hakikuwa nacho. Pale Baiyun ipo GAMECO, karakana iliyoanzishwa mwaka 1989, na moja ya kazi zake ni kugeuza Boeing za abiria kuwa ndege za mizigo; ninyi wa makasha mnajua maana yake. Ndege ya Kichina C919 ilianza kubeba abiria Mei 2023, na Septemba 2024 China Southern ikaanza kuirusha kutoka Guangzhou hapa kwenda Shanghai. Siku ndege hizo zikifika kwetu, atatakiwa mtu wa kuongea na watengenezaji kwa lugha yao na kumweleza fundi wa Dar kwa lugha yake. Huyo mtu anaweza kuwa yule binti aliyekaa pale anatafuna sambusa. Ndiyo, binti. Bolti haijui nani ameikaza, na sehemu nyingine za bawa zinataka mkono mwembamba.

Hata huyo, akipata leseni ya China, asidhani itakuwa ya Tanzania kwa kuvuka bahari. Kila nchi hutoa yake au hukubali ya mwenzake kwa masharti, na nyumbani watamuuliza sheria za anga za nyumbani. Kumbukumbu zake za kazi ahakikishe zimeandikwa kwa namna ambayo afisa asiyejua Kichina ataweza kuzisoma. Na baada ya leseni bado kuna kozi ya aina ya ndege: anayejua 737 haigusi 787 kwa saini yake mpaka aisomee.

Kwa wale wazazi watatu, na wengine walionyamaza. Kabla hamjatuma ada, kiandikieni chuo, na mjibiwe kwa maandishi: kozi hii imeidhinishwa na mamlaka gani ya anga, kwa namba gani? Mwanafunzi ataguswa na ndege hai katika karakana ya nani, kwa muda gani, na nani atatia saini kwenye logibuku yake? Halafu jibu hilo mlipeleke kwa mamlaka ya nchi mnayotaka mtoto afanye kazi, muwaulize kama wanalikubali. Wakala akikasirika kwa maswali hayo, mmeshajibiwa.

Nipo Guangzhou mpaka ndege yangu itoke, kama siku kumi hivi, ikiwa hatutakuta ufa mwingine. Baada ya chakula nitakaa ile meza ya mlangoni. Njooni na barua zenyewe, siyo picha kwenye simu. Nataka kusoma na ukurasa wa nyuma.