Laini ya ISDN: Ruta Ijue Wakati wa Kupiga na Wakati wa Kukata
Hotuba kwa maafisa wa TEHAMA wa kaunti ndogo



Ofisi inayotumia laini ya ISDN hulipia muda wa simu, kama ilivyo kwa simu ya mezani. Tofauti ni kwamba anayepiga si karani bali ruta, na ruta haichoki wala haiogopi bili. Isipopangwa vyema, inaweza kukaa kwenye simu usiku kucha ofisi ikiwa imefungwa. Pesa zinazopotea hapo ni za mlipa ushuru.

Laini ndogo ya ISDN ina njia tatu. Njia mbili, ziitwazo B, hubeba data au sauti, kila moja kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde. Ya tatu, iitwayo D, ina kilobiti 16 na hubeba ishara za kupiga na kukata simu. Ruta ikiunganisha njia zote mbili za B, ofisi hupata kilobiti 128. Hata hivyo, hizo ni simu mbili, na zote hulipiwa.

Mpangilio wa kwanza ni aina ya swichi ya kampuni ya simu. Swichi za Ulaya hutofautiana na za Marekani, ambako ruta mara nyingi hudaiwa pia namba za utambulisho ziitwazo SPID. Kwa hivyo afisa asinakili mwongozo wa nchi nyingine. Aulize kampuni inayotoa laini, apate jibu kwa maandishi.

Mpangilio wa pili ni kuamua ni mawasiliano gani yanayostahili kupigiwa simu. Barua pepe ya ofisi au rekodi za mapato zinastahili. Lakini ruta pia hutangaziana njia zenyewe kwa zenyewe, na tangazo la RIP hutoka kila sekunde 30. Tangazo hilo likihesabiwa kuwa sababu ya kupiga simu, matatizo huanza.

Mpangilio wa tatu ni muda wa kungoja kabla ya kukata simu pasipo kazi. Kwa ruta za Cisco, muda huo usipobadilishwa ni sekunde 120. Hesabu ni rahisi: sekunde 120 haziwezi kuisha kabla tangazo jingine halijapita, na kila tangazo huanzisha hesabu upya. Laini haitakatika kamwe. Dawa ni kuondoa matangazo hayo katika orodha ya yanayostahili. Muda nao usifupishwe kupita kiasi, kwa maana pale ambapo kila simu mpya ina ada yake, kupiga na kukata mara kwa mara ni gharama pia.

Baada ya kupanga, afisa athibitishe kwamba jina na nywila zinalingana katika ruta zote mbili, kisha atumie amri ya kuonyesha hali ya ISDN. Apige simu ya majaribio, aache kutumia mtandao, na asubiri aone laini ikikatika yenyewe. Asiondoke kabla ya hapo.

Mwisho wa mwezi, mhasibu na afisa wa TEHAMA walinganishe bili na kumbukumbu za ruta. Simu ya saa nane usiku ina lazima ya kuelezwa. Haba na haba hujaza kibaba, na bili vilevile.