Simu Katika Chumba cha Kujifungulia

Leo tunazungumza juu ya kupiga picha wakati mtoto anapozaliwa.

Hapa kwetu Kericho na Bomet, kumbukumbu ya saa ya kuzaliwa si jambo geni. Ukisikia Chepkoech, unajua alizaliwa alfajiri. Chebet alizaliwa mchana, Chelangat jioni, Chepkemoi usiku, na Cherop mvua ikinyesha. Jina lilihifadhi saa ile bila kumvua mama nguo mbele ya watu. Siku hizi simu iko katika kila mkoba, na jamaa wengi wanataka picha ya dakika ile ile. Je, ni vibaya? La, si vibaya. Lakini kuna mambo manne ya kujua kabla siku haijafika.

La kwanza ni ruhusa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi ruhusa ya picha ni ya mama, si ya mume, wala mama mkwe, wala rafiki aliyemsindikiza. Usimwulize akiwa katikati ya uchungu, kwa maana hapo anaweza kusema ndiyo ili mumwache apumue. Mwulize mapema, mnapopanga nani atamsindikiza, mtasafiri kwa gari gani, na pesa za nauli zitatoka wapi. Mwulize: unataka picha? Za nini? Nani azione? Na akibadilisha nia siku hiyo, simu irudi mfukoni bila maneno.

Kisha muulizeni muuguzi. Kila hospitali ina utaratibu wake. Muuguzi naye ana haki ya kukataa kupigwa picha akiwa kazini. Na mkumbuke mama wa kitanda cha pili. Yeye hakuja hospitali ili aonekane nyuma ya picha yenu. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti.

La pili ni saa ya kwanza. Mtoto akizaliwa salama hukaushwa, kisha huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kufunikwa vizuri. Sisi tunaoishi milimani tunajua baridi yetu. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na kifua cha mama humpa joto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya katika saa hiyo ya kwanza. Kwa hivyo usimwondoe kifuani ili apigwe picha. Usimfunue ili watu waone ni msichana au mvulana. Piga picha akiwa pale pale alipo, au ngoja. Uso wake hautakimbia.

Zima ule mwanga mkali wa simu. Hautampofusha mtoto, lakini humshtua, na unaweza kumsumbua muuguzi anayeshona au anayekata kitovu. Kumbuka pia kwamba simu hiyo imeshikwa matatuni na sokoni. Ukishaishika, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto.

La tatu ni macho yako, wewe uliyemsindikiza mama. Usiyafunge kwenye kioo cha simu. Mama anaweza kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua, na hali ikabadilika kwa dakika chache. Ukiona pedi au leso inalowa haraka, au mama anasema anaona kizunguzungu, anatoka jasho la baridi, au amelegea na hajibu vizuri, weka simu chini umwite muuguzi mara moja. Mwite pia ukiona mtoto anapumua kwa shida, amebadilika rangi au amekuwa baridi. Hakuna picha inayostahili dakika hizo.

La nne ni pale picha inapokwenda. Ukiituma kwa kikundi cha ukoo, huwezi kuirudisha. Atakayeipokea ataweza kuituma mbele, na mtoto huyo atakuwa mtu mzima siku moja. Picha ya uso wake akiwa amefunikwa blanketi inatosha kuwapa jamaa habari njema. Ile inayoonyesha mwili wa mama, au kibandiko chenye jina na namba, isitoke nje ya simu ya mama mwenyewe.

Labda utauliza: je, mama akitendewa vibaya, nisipige picha? Mwaka 2013, katika hospitali moja huko Bungoma, mama alijifungua sakafuni, akatukanwa na kupigwa. Tukio hilo lilirekodiwa kwa video, na mama huyo akaenda mahakamani. Mwezi Machi 2018, Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Kwa hivyo picha inaweza kuwa ushahidi. Lakini kwanza msaidie mama, itisha msaada, na ushahidi huo mkabidhi yeye. Yeye ndiye ataamua kama utapelekwa kwa mkuu wa hospitali, kwa afisa wa afya wa kaunti au kwa wakili. Usiutupe mitandaoni ili dunia nzima imwone katika saa yake ya uchungu.

Kuna jambo moja zito zaidi. Mara nyingine mtoto huzaliwa akiwa amefariki. Wapo akina mama ambao wangependa kubaki na picha moja, ya uso au ya kidole kidogo, kwa sababu hawatakuwa na nyingine. Wapo wasiotaka kabisa. Wote wana haki. Mwulize kwa upole, na jibu lake liheshimiwe. Akiitaka, mpigie, umhifadhie yeye peke yake. Na usiifute kwa kudhani unamsaidia kusahau.

Mama mpendwa, kama una ujauzito, zungumza na mtakayekwenda naye hospitali jioni ya leo. Mwambie unavyotaka na usivyotaka. Nawe mlezi, kuuliza si ujinga. Uliza mapema, ili siku hiyo mkono wako uwe huru kumshika mama.